Barua ya wazi kwa wasimamizi wa shule zetu Nakuru: Mtoto haitwi bure

Kwa walimu wakuu wa shule za umma, wenyekiti wa bodi za usimamizi wa shule, na maafisa wote wa elimu mnaohudumu Nakuru.

KUHUSU: NENO "BURE" KATIKA RIPOTI ZA WANAFUNZI NA KATIKA VINYWA VYA WALIMU

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mkaazi wa Free Area (naam, hata mtaa wangu una jina la bure, na nikicheka kidogo kabla ya kulalama mtanisamehe). Baadhi yenu mtakaosoma barua hii niliwasahihishia insha mkiwa bado mnavaa kaptura. Siwaandikii kama adui wa walimu. Kazi hiyo imenilisha, imenisomeshea watoto, na mpaka leo nikipita karibu na shule kengele ikilia, miguu huharakisha yenyewe.

Jambo hili sikutaka lifike hadharani. Nilizungumza kwanza na mwalimu wa darasa, akanielekeza kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akaniagizia chai, akasema atalishughulikia. Muhula ukaisha, ripoti zikatoka, maneno yakawa yale yale. Nikaandika barua rasmi, nikaipeleka kwa mkono wangu katika ofisi inayohusika, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio jibu nililonalo hadi leo. Sitaitaja shule, sitaitaja ofisi, wala sitamtaja mwalimu yeyote, kwa sababu mkiondoa jina moja mkaweka jingine habari itabaki hiyo hiyo. Ripoti nilizoonyeshwa zimetoka shule tofauti, za mitaa tofauti.

Habari yenyewe ni hii. Jioni watoto wa mtaa huja kwangu kusoma. Hakuna malipo, wao wanaleta vitabu, mimi naleta miwani. Wazazi wao nao huja na ripoti za mwisho wa muhula ili niwafafanulie alama. Katika nafasi iliyoachwa kwa maoni ya mwalimu nimekuwa nikikuta maneno mawili: "Bure kabisa." Wakati mwingine yamepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Nimekuta pia "Mtoto bure", na "Kazi bure, anapoteza karo ya mzazi", hii ya mwisho kwa mtoto wa shule ya msingi ya umma, ambako karo haipo kisheria. Watoto wenyewe nikiwauliza husema haya ya kwenye ripoti ni machache. Mengi husemwa darasani, na mengine kwenye paredi, shule nzima ikisikia.

Mmoja wao nilimuuliza kwa nini hakufanya zoezi nililompa. Akanijibu, "Mwalimu, mimi ni bure." Hakuwa na huzuni wala ujeuri. Alikuwa ananipa taarifa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Neno limetolewa mahali pake likapelekwa lisikohusika.

Msemaji wa Kiswahili hutumia "bure" kueleza tendo. Nimengoja bure. Tumelima bure, mvua haikuja. Wamegombana bure, shamba lenyewe lilikwisha kuuzwa. Sarufi ya shuleni, ile ile mnayoitahini, inaliita kielezi: hukaa karibu na kitenzi na kutuambia tendo lilikwendaje, au lilizaa nini. Ukisema "nimengoja bure" hujajitukana. Umesema kungoja kwako hakukuleta kitu. Tena mara nyingi neno hili humtetea mtu. "Amefungwa bure" maana yake hana hatia. "Amepigwa bure" maana yake aliyempiga ndiye mwenye kosa. "Msimsumbue bure" ni ombi la huruma.

Kuna na ile maana ya pili, ya kupewa bila kulipa, na maana hizi zimeishi pamoja miaka mingi bila ugomvi. Wanaokwenda kanisani wamesikia "mmepata bure, toeni bure", na katika Biblia hiyo hiyo wakasikia "taabu yenu siyo bure katika Bwana". Hakuna aliyechanganyikiwa. Lugha za majirani zetu zina mpango huo huo: Mjaluo ana "nono", Mkikuyu ana "tũhũ", na kila mmoja kwa neno lake hilo moja hutaja kitu kisicholipiwa na pia jasho lisilo na faida.

Matumizi ninayoyapenda kuliko yote ni "si bure". Mtoto aliyezoea kuimba akinyamaza ghafla, nyanya yake humtazama akasema, "Huyu si bure." Ng'ombe akikataa nyasi, si bure. Jirani akianza kukuamkia kwa adabu iliyozidi, si bure, ana haja. Maneno hayo mawili yana uchunguzi ndani yake. Yanasema sababu ipo, haijaonekana, itafutwe. Mwalimu mzuri huishi humo siku zote: huyu wa dirishani aliyekuwa akinyoosha mkono kila swali na wiki hii hanyooshi, si bure. "Bure kabisa" inafanya kinyume chake. Inatangaza kwamba uchunguzi umefungwa, tena kabla haujaanza.

Sasa tazameni "mtoto bure". Neno limeng'olewa kwenye tendo likabandikwa mtu. Ikiwa mtoto amekaa darasani miaka minne na hajui kusoma, Kiswahili kina sentensi yake: amefundishwa bure. Au: amesoma bure. Sentensi hizo zinauma, lakini zinaacha nafasi ya kuuliza mafunzo yalikwendaje, kitabu kilikuwapo au hakikuwapo, darasa lilikuwa na watoto wangapi. "Mtoto bure" haiachi nafasi yoyote. Mwalimu ametoka katika sentensi, kitabu kimetoka, njaa imetoka, amebaki mtoto peke yake na hukumu yake.

Najua "bure kabisa" ni usemi wa Kenya nzima. Timu ikifungwa, bure kabisa. Makanga akikosa chenji, bure kabisa. Vijana wa rika moja wakiitana hivyo stendi ya matatu wanataniana, na utani una haki zake. Mwalimu na mwanafunzi wa Gredi ya 3 si watani. Mmoja ana kalamu nyekundu, mwingine hana.

2. Elimu ya bure imezaa tusi la "watoto wa bure".

Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Januari 2003, serikali ya Mwai Kibaki ilipofuta karo katika shule za msingi, idadi ya wanafunzi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi takriban milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja. Nilikuwa darasani. Madawati hayakutosha, watoto wakakaa sakafuni, wengine wakaja na umri wa kunyoa ndevu. Mwaka uliofuata, huko Eldoret, mzee Kimani Maruge alivaa sare akajiandikisha darasa la kwanza akiwa na miaka 84, kwa sababu hatimaye shule haikumdai pesa. Mwaka 2005 akasafiri hadi New York kwenda kuitetea elimu ya bure mbele ya Umoja wa Mataifa. Kwa mzee yule neno hili lilikuwa na utamu ambao sisi tuliozaliwa na vitabu mkononi hatuwezi kuuonja.

Leo, katika baadhi ya shule zetu, mtoto ambaye mzazi wake hajalipa pesa za chakula cha mchana, za mitihani au za mshahara wa mwalimu wa bodi huambiwa asimame na wenzake upande mmoja wa paredi. Huko wanaitwa "watoto wa bure", "wale wa kupenda bure". Kati ya "mtoto wa bure" na "mtoto bure" pana herufi mbili tu. Msimtarajie mtoto wa miaka tisa azione akiwa amesimama juani mbele ya wenzake.

Tena hakuna anayesoma bila kulipiwa. Serikali hupanga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi; ukizigawa kwa siku zote za mwaka hazifiki shilingi 4 kwa siku. Pesa hizo ni kodi. Mama anayeuza sukuma wiki sokoni huilipa kila anaponunua sabuni na mafuta, na mwendesha boda boda kila anapojaza petroli. Huyo mnayemwita wa bure amelipiwa na mzazi wake tangu hajazaliwa.

Naelewa kwamba kiasi hicho ni kidogo, kwamba huchelewa kufika, na kwamba mwalimu mkuu hubaki ana kwa ana na bili ya maji, bili ya stima na mpishi anayedai. Huo ni mzigo wa kweli, na nitasimama nanyi siku mtakapoudai kwa wanaodaiwa. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, imekataza karo katika shule za umma, na imesema kwamba hata pale michango mingine inaporuhusiwa, mtoto hatanyimwa masomo kwa kuwa haijalipwa. Sheria haikusema neno kuhusu kumsimamisha upande wa paredi. Labda walioitunga hawakufikiri kwamba ingehitajika kusemwa.

3. Maoni hayo hayamwambii mzazi kitu.

Lugha yetu ina jina la kila kasoro. Kisu ni butu, mchuzi ni chapwa, mwanga ni hafifu, bidhaa ni duni, mkataba ni batili, mfanyakazi ni goigoi. Ukisikia kisu ni butu unajua ni cha kunolewa. Ukisikia mchuzi ni chapwa unanyoosha mkono kuchukua chumvi. "Bure kabisa" haionyeshi pa kushika. Fundi wa jua kali akikwambia gari lako ni bure kabisa, bila kusema kama ni klachi au betri, utalisukuma hadi kwa fundi mwingine. Mzazi wa shule ya mtaa hana pa kusukuma.

Msichana mmoja wa jirani aliandikiwa maneno hayo katika Kiswahili na katika Hisabati. Nilimketisha mezani, nikampa gazeti. Akalisogeza karibu na pua, akasoma bila kukwama. Kisha nikaandika sentensi kwenye ubao mdogo nilioutundika ukutani, akaanza kubahatisha. Mama yake akampeleka kupimwa macho, akarudi na miwani. Sisemi kwamba kila anayeshindwa ana shida ya macho. Ninachosema ni kwamba mwalimu aliyekaa naye mihula miwili angeandika "hunakili vibaya kutoka ubaoni", mama angejua mapema, na hayo ni maneno manne tu.

Mwingine ni mvulana aliyehamia kutoka Busia, ambaye nyumbani kwao huzungumzwa Kiteso na Kiswahili chake bado ni kichanga. Aliitwa bure katika Insha. Insha yenyewe niliisoma. Ilikuwa na kisa kizuri cha mafuriko, mtumbwi na mbuzi aliyekataa kupanda mtumbwi. Kilichovurugika ni upatanisho wa ngeli, "kitabu yangu imepotea" na mengine ya namna hiyo. Kosa hilo nimelisikia katika hotuba za watu wakubwa sana wa nchi hii, na hakuna aliyediriki kuwaita bure.

Nafasi ile ile, kwa wino ule ule, inaweza kubeba maneno kama haya: "Anasoma silabi vizuri, maneno marefu humkwaza. Asome kwa sauti nyumbani dakika kumi kila jioni." Au: "Anajua kujumlisha, kutoa kwa kukopa bado hajakuelewa." Au: "Husinzia kila asubuhi, mzazi aje tuzungumze." Kwa uzoefu wangu hayo mazungumzo ya mwisho mara nyingi huishia kwenye sufuria: mtoto amekuja shule bila kula, na jana yake vivyo hivyo. Sasa mzazi na mwalimu wana jambo la kufanya.

4. Kiswahili kimegeuzwa lugha ya kutukania.

Hili nimeliona baada ya kutazama ripoti nyingi pamoja. Zimeandikwa Kiingereza kuanzia juu hadi chini. Sifa ni za Kiingereza, pongezi ni za Kiingereza, tarehe ya kufungua shule ni ya Kiingereza. Pakifika pa kutukana, Kiswahili kinaitwa. Katiba, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nilikifundisha maisha yangu yote ya kazi na sikujua kwamba urasmi wenyewe ndio huu. Mtoto atakipendaje akikutana nacho kwa wino mwekundu peke yake?

5. Mtaala hauna neno hilo, na sheria hailiruhusu.

Hapa nitakuwa mfupi kwa kuwa nyaraka mnazo ofisini. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa 2019 ulikuja na viwango vinne, kuanzia kuzidisha matarajio hadi kuwa mbali na matarajio. Hata hicho cha chini kinapima umbali, na umbali hupunguzwa kwa kutembea. Hakuna kingine chini yake kinachoitwa bure. Katiba, kifungu cha 28, inampa kila mtu haki ya utu wake kuheshimiwa na kulindwa. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Yaani nchi hii imekwisha kukubali, katika sheria yake kuu, kwamba namna mtu anavyoitwa si suala la adabu pekee. Na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza kumtendea mwanafunzi kwa ukatili au kwa kumdhalilisha, iwe kimwili au kisaikolojia. Kiboko kilipigwa marufuku 2001. Tusi halikuachwa kama kiboko cha akiba.

Najua mtakayonijibu. Mengine nimekwisha kujibiwa ana kwa ana.

Mtasema madarasa yamejaa. Ni kweli, nimefundisha madarasa hayo na najua mkono unavyokufa ganzi kwenye ripoti ya hamsini, bado thelathini. Siombi aya kwa kila mtoto. Mwalimu aliyechoka aache nafasi wazi. Nafasi iliyo wazi haimtukani mtu.

Mtasema, "Hata sisi tuliitwa hivyo na tukafaulu." Wanaosema hivyo ni wale waliofaulu, maana ndio walioalikwa kwenye mkutano. Wenzangu kadhaa wa darasa waliitwa bure mbele ya shule, wakaenda nyumbani, na madawati yao wakapewa wengine. Hakuna aliyewahi kuwauliza maoni yao kuhusu njia hiyo ya malezi.

Mtasema ni ukweli, kwamba mtoto fulani hafanyi kazi. Basi aandikiwe kwamba hafanyi kazi. "Hakuleta kazi ya nyumbani muhula mzima" ni shtaka zito, na mzazi anaweza kulijibu: atasema taa hakuna, au atasema mtoto amemdanganya, au atampeleka kunyolewa na kumketisha. Kuna shtaka na kuna jibu. Kwa "bure" mzazi atajibu nini? Wengi wao hunijia kimya, wanasema tu, "Mwalimu, huyu mtoto ameshindikana," kwa kuwa wameamini kile walichokisoma kikiwa na mhuri wa shule.

Mtasema fimbo tumenyang'anywa, sasa na mdomo mnataka kutunyang'anya. Mdomo ndio chombo chenu cha kazi, na siutamani kabisa. Kemeeni. Mtoto akipiga mwenzake, akemewe mpaka ajue amekosa. Akidanganya, aambiwe amedanganya. Kukemea hutaja kosa, na kosa huachwa.

Mtasema pia kwamba barua hii inachafua jina la shule. Nimeshalijibu hilo kwa kutolitaja.

Kwa hiyo ninaomba mambo yafuatayo, na ninayaomba kwenu kwa vyeo vyenu.

Kwa walimu wakuu: kabla ripoti za muhula huu hazijatoka, kila mmoja awaelekeze walimu wake kwa maandishi kwamba maoni yataje kazi ya mtoto, alichoweza na kilichomshinda, na kwamba "bure", "hafai" na ndugu zake hayataandikwa wala kutamkwa darasani au kwenye paredi. Zipitieni ripoti kabla ya kuzitia sahihi. Sahihi yenu iko chini ya maneno hayo kila muhula.

Mzazi akirudisha ripoti ya zamani yenye maneno hayo, aandikiwe nyingine. Asilipishwe. Hiyo iwe bure kweli.

Madeni ya michango yazungumzwe na mwenye deni. Nambari za simu za wazazi mnazo, na kila ikifika siku ya kuchangia harambee huwa hazikosi kupatikana.

Kwa wenyekiti wa bodi: jambo hili liingie katika ajenda ya mkutano ujao, na kikao cha wazazi kiambiwe lililoamuliwa. Bodi zenu zimejadili rangi ya lango na bei ya sare. Zitapata na nusu saa ya hili.

Kwa maafisa wa elimu: barua iliyogongwa muhuri ijibiwe. Hata jibu la kukataa nitalipokea kwa mikono miwili, maana mtu aliyekataliwa anajua aende wapi. Mkizuru shule kukagua maandalio ya kazi na rekodi za masomo, ombeni pia kuona rundo la ripoti za muhula uliopita, msome safu ya maoni peke yake kutoka juu hadi chini. Hamtahitaji barua nyingine kutoka kwangu.

Nami ninajitolea. Niko tayari kuja shule yoyote itakayonialika kukaa na walimu alasiri moja, tuandike pamoja mifano ya maoni mafupi kwa kila somo, maneno ambayo mwalimu mwenye darasa lililojaa anaweza kuyaandika bila kulala saa nane za usiku. Sitadai nauli. Kama mna njia bora kuliko hii, nitafurahi kuisikia na kuifuata.

Endapo shule zitafunguliwa muhula ujao bila jibu, mimi na wazazi walioniletea ripoti tutatumia haki yetu chini ya kifungu cha 37 cha Katiba kuwasilisha ombi rasmi. Nakala za ripoti hizo, majina ya watoto yakiwa yamefunikwa, tutazipeleka kwa Tume ya Kuwaajiri Walimu na kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Ningependa zaidi tuyamalize hapa Nakuru, tukiwa tumeketi.

Wenu katika kazi ya ualimu,

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Free Area, Nakuru.

Nakala: Wazazi wote walioniletea ripoti.